Mayai ya Kuchi hayaanguliwi: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mifugo nchini

Waheshimiwa viongozi mliokabidhiwa sekta ya mifugo nchini Tanzania, watafiti wa vituo vya umma, na maofisa mifugo wa mikoa na wilaya,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mfugaji wa kuku aina ya Kuchi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nilianza kazi hii miaka kumi na mitatu iliyopita kwa jogoo mmoja na matetea wanne, na tangu mwaka wa pili nimekuwa nikiandika katika daftari kila yai ninaloliweka chini ya kuku au ndani ya mashine, siku niliyoliweka, tetea aliyelitaga, na lilivyokuwa baada ya siku 21. Nawaandikia hadharani kwa sababu niliyoyaona bandani kwangu nimeyakuta pia kwa wafugaji wenzangu wa Kahama, Nzega na Igunga, na kwa sababu dawa yake haiwezi kupatikana ndani ya banda la mtu mmoja hata awe na bidii kiasi gani. Mayai ya kuku hawa hayaanguliwi kama yalivyokuwa yakianguliwa zamani, na sababu kubwa ni kwamba kuku tuliobaki nao wamekuwa ndugu.

Wengi wenu mnamjua Kuchi kwa sura. Ni kuku mrefu, mwenye miguu mirefu na shingo iliyosimama, upanga mfupi uliobana kichwani, manyoya machache yaliyolala mwilini, na jogoo wake aliyekomaa hupita kilo mbili na nusu bila ya kulishwa chakula cha dukani. Anapatikana zaidi huku Kanda ya Ziwa na Tabora, na wapo pia Zanzibar na Lamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walimchunguza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 pamoja na wenzake kama Ching'wekwe mwenye umbo dogo na Singamagazi mwenye mwili mkubwa, na uchunguzi wa vinasaba uliofuata ukaonyesha kwamba Kuchi ana ukoo wa karibu na kuku wa mapigano wa Asia ya Mashariki, wakiwemo Shamo wa Japani. Maana yake ni kwamba tunaye ndege ambaye mababu zake walivuka bahari, wakazoea jua letu, kupe wetu na mtama wetu kwa vizazi visivyohesabika, na ambaye akipotea hakuna duka la vifaranga popote duniani litakalotuuzia mwingine.

Naomba sasa niwaeleze jambo lenyewe, kwa kuwa najua swali la kwanza la mtaalamu yeyote makini litakuwa: una hakika gani kwamba tatizo ni undugu wa kuku, na wala si mashine yako, chakula chako au utunzaji wako wa mayai?

Swali hilo ni la haki, na mimi mwenyewe nilijiuliza kwa miaka miwili kabla ya kuinua kalamu. Mayai yakikataa kuanguliwa, mambo ya kutazama ni mengi. Mashine yenye feni inataka joto la nyuzi 37.5 au zaidi kidogo tu, na umeme ukikatika usiku bila ya mtu kuamka, viinitete hufa. Unyevu ukizidi au kupungua, kifaranga hushindwa kutoka. Mayai yasipogeuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya kumi na nane, kiinitete hunata kwenye utando wa ganda. Yai likikaa zaidi ya wiki moja kabla ya kuatamiwa, hasa katika joto letu la Septemba na Oktoba, huanza kupoteza uhai wake taratibu. Wazazi wakikosa vitamini B2 kwenye chakula, viinitete hufa vikiwa na manyoya yaliyojikunja kama vifundo. Jogoo mzee hupanda bila ya kutungisha. Yote haya niliyapitia moja baada ya jingine. Nilinunua kipimajoto cha pili ili kukihakiki cha kwanza, nikaweka betri ya kushika mashine umeme ukikatika, nikaongeza majani mabichi na dagaa kwenye chakula cha wazazi, na nikaacha kuweka yai lolote lililozidi siku tano. Matokeo yalipanda kidogo, kisha yakarudi chini.

Ndipo nikafanya jaribio ambalo ninyi mnaweza kulirudia kwa gharama ndogo sana. Mzee mmoja wa Nzega, ambaye kwa mazoea ya huku namwita baba mdogo ingawa hatuna nasaba, alikubali kuniazima jogoo wa Kuchi ambaye ukoo wake haujawahi kugusana na wangu. Niliwagawa matetea wangu kumi, wote dada wa baba mmoja, katika vyumba viwili vyenye chakula kilekile na maji yaleyale. Chumba kimoja nikawapa jogoo wangu, ambaye ni ndugu yao. Cha pili nikawapa jogoo wa Nzega. Kwa kuwa tetea huhifadhi mbegu za jogoo wa zamani mwilini mwake kwa wiki mbili na zaidi, nilisubiri mwezi mzima ndipo nikaanza kukusanya mayai. Kisha nikaweka mayai thelathini kutoka kila chumba, siku moja, ndani ya mashine moja, kwenye trei zilizopakana.

Siku ya saba niliyapima kwa tochi gizani. Ya jogoo wangu yalikuwa na kiinitete mayai 26, na ya jogoo wa Nzega 27. Tofauti ya yai moja haina maana. Majogoo wote wawili walikuwa wazima na walitungisha vizuri. Lakini siku ya 21 ilipofika, katika mayai 26 ya jogoo ndugu walitoka vifaranga 13, na katika mayai 27 ya jogoo mgeni walitoka 23. Niliyavunja yote yaliyobaki. Katika yale ya jogoo wangu, mengine yalikuwa na pete ya damu tu, dalili ya kiinitete kilichokufa katika siku za mwanzo kabisa, na mengine yalikuwa na kifaranga kamili aliyekwisha kuota manyoya, kichwa kikiwa chini ya bawa kama inavyotakiwa, asiyepata nguvu ya kutoboa ganda. Nilirudia jaribio hilo miezi minne baadaye na picha ikawa ileile.

Hapa naomba wataalamu wanisaidie kulisisitiza jambo moja kwa wafugaji, kwa sababu ndilo linalotupotosha zaidi. Mfugaji wa kijijini akivunja yai ambalo halikuanguliwa, husema ni viza, akalitupa, na lawama akaitupia mashine au jogoo. Hatofautishi yai ambalo halikupata mbegu tangu mwanzo na yai ambalo kiinitete chake kilianza safari kikafia njiani. Yai la kwanza linasema habari za jogoo, wingi wa matetea wake na afya yake. Yai la pili, hasa likijirudia kizazi hadi kizazi katika mazingira mazuri, linasema habari za damu. Ofisa ugani akimfundisha mfugaji kupima mayai kwa tochi siku ya saba na kuandika namba mbili tu, yaliyokuwa na kiinitete na yaliyoanguliwa, atakuwa amempa chombo cha kuutambua ugonjwa huu miaka mingi kabla haujaua banda.

Sababu yenyewe inaeleweka. Kila kuku, kama ilivyo kwa kila mnyama, hubeba vinasaba kadhaa vyenye kasoro ambavyo havimdhuru kwa sababu pacha wake, yaani nakala aliyoipata kwa mzazi wa pili, ni mzima na hufanya kazi kwa niaba ya wote wawili. Kaka na dada wakipandana, uwezekano wa kifaranga kupata nakala mbovu kutoka pande zote mbili huongezeka ghafla. Kwa kipimo cha wataalamu, mtoto wa kaka na dada, au wa baba na binti, ana robo nzima ya vinasaba vyake ambavyo nakala zake mbili zinatazamiwa kuwa kitu kimoja kilichorithiwa kwa babu mmoja. Nyingi kati ya kasoro hizo hujitokeza ndani ya ganda, kwa sababu siku 21 za kiinitete ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote katika maisha ya kuku. Wale wanaotoka salama hukua polepole, hutaga kidogo, na huanguka mapema ugonjwa ukiingia.

Sasa tazameni jinsi Kuchi wanavyouzwa. Muuzaji humpa mteja jogoo mmoja na matetea watatu au wanne, wa umri mmoja, wenye rangi zinazofanana, na mteja hufurahia kufanana huko kwa kuamini kwamba ndiko alama ya aina halisi. Mara nyingi wamefanana kwa sababu ni watoto wa tumbo moja. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, kwa kuku niliowanunua kwa bei ya mbuzi, na aliyeniuzia hakunieleza nasaba yao wala mimi sikujua kumuuliza. Mwaka wa pili nikawapandisha mabinti kwa baba yao. Mwaka wa nne nikamweka mtoto wake badala yake, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wote. Kila uamuzi niliofanya kwa nia ya kuilinda aina hii niliufanya dhidi yake.

Kuna hesabu moja ambayo natamani ingebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mifugo ya kata. Ukitaka kujua kundi la kuku lina upana gani wa damu, usihesabu vichwa. Zidisha idadi ya majogoo wanaopanda kwa idadi ya matetea, zidisha tena kwa nne, kisha gawanya kwa jumla ya majogoo na matetea. Mfugaji mwenye jogoo mmoja na matetea kumi ana kuku kumi na mmoja kwa macho. Kwa hesabu hii ana sawa na kuku wasiofika wanne, na undugu katika kundi lake utaongezeka kwa karibu asilimia 14 kwa kila kizazi. Akiongeza matetea wafike mia moja chini ya jogoo yuleyule, bado hawafiki wanne. Akibaki na matetea kumi na kuongeza jogoo wa pili asiye ndugu, anapanda hadi karibu saba. Ili ongezeko la undugu lishuke hadi asilimia moja kwa kizazi, kiwango ambacho wataalamu wa kuhifadhi mifugo wamekichukua kama mpaka wa usalama, kundi linatakiwa liwe na upana wa hamsini, mfano majogoo 15 kwa matetea 75. Hakuna mfugaji mdogo ninayemjua mwenye uwezo wa kulisha majogoo 15 wasiotaga. Lakini kata moja yenye wafugaji ishirini inao tayari, wakiwa wametawanyika, kila mmoja amefungiwa na dada zake.

Hilo ndilo kiini cha barua hii. Majogoo wapo. Kinachokosekana ni mkono wa kuwatoa banda moja kuwapeleka jingine kwa utaratibu, na mkono huo hauwezi kuwa wa mtu binafsi kwa sababu mfugaji hamwamini mfugaji mwenzake kumpa jogoo wake bora, na pale wanapoaminiana wanahofia magonjwa.

Hofu ya magonjwa ni ya kweli, na kideri ndicho mchangiaji mkubwa wa balaa hili kuliko watu wanavyodhani. Kikipita kijijini mwishoni mwa kiangazi, kati ya kuku mia wanabaki watano, na hao watano mara nyingi ni wa banda moja lililokuwa pembeni, kwa hiyo ni ndugu. Miaka miwili baadaye kijiji kimejaa kuku tena, na kila mtu anaona mambo yamerudi sawa, kumbe wote wametoka kwenye kitundu kilekile chembamba. Kideri kikirudi mara tatu, kijiji kizima kinakuwa ukoo mmoja. Bahati nzuri chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayostahimili joto, inatengenezwa hapa nchini, na tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu linatosha. Ninachoomba ni kwamba chanjo hiyo ihesabiwe pia kama chombo cha kuhifadhi aina adimu, na vijiji vyenye Kuchi, Singamagazi na Ching'wekwe halisi vipewe kipaumbele inapogawiwa, kama vile ambavyo tungelinda chanzo cha maji.

Utaratibu wa kubadilishana majogoo ninaoupendekeza si uvumbuzi wangu. Wafugaji wa aina adimu katika nchi nyingine wameutumia kwa muda mrefu. Makundi matatu ya wafugaji, tuseme vijiji vitatu vilivyo mbali kiasi, huunganishwa kwa mzunguko. Matetea hawahami kamwe. Binti hubaki kijijini kwa mama yake. Jogoo mchanga aliyezaliwa kijiji cha kwanza huenda kuwapanda matetea wa kijiji cha pili, wa kijiji cha pili huenda cha tatu, na wa tatu hurudi cha kwanza, na hivyo hivyo kila kizazi, bila ya mtu kuhitaji kompyuta wala kitabu cha nasaba kilichojaa majina. Pete ya rangi mguuni inatosha kuonyesha jogoo ametoka wapi. Kila jogoo akiachiwa mtoto mmoja wa kiume wa kurithi nafasi yake, na kila tetea binti mmoja, badala ya kumpendelea jogoo mmoja mzuri azae wote, upana wa damu huongezeka kwa kiasi kikubwa kwa idadi ileile ya kuku. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na katika mpango huu kamba hiyo ina kazi ya kweli: jogoo anayehama afungwe peke yake wiki tatu akiwa amekwisha kuchanjwa, ofisa mifugo amtazame, ndipo aungane na matetea. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki na muda wa ofisa mmoja.

Mtaniuliza kama kuleta damu ya mbali kunaweza kweli kulirudisha kundi lililokwisha kuzama. Jibu lipo katika mfano ambao umechunguzwa vizuri kuliko mingi. Katika jimbo la Illinois nchini Marekani kulikuwa na ndege wa porini wa jamii ya kwale, wakaao kwenye nyika za majani, ambao mashamba yaliwabana hadi wakatenganishwa na wenzao wa majimbo mengine. Mwaka 1962 walikuwa kama 2,000. Kufikia 1994 hawakufika 50. Serikali ya huko iliwaongezea malisho na kuwapunguzia maadui, lakini mayai yaliendelea kufa ndani ya ganda. Kuanzia 1992 waliletwa ndege wa aina hiyohiyo kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska, na viwango vya mayai kuanguliwa vikapanda tena. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1998, na ukiusoma ukiwa na daftari kama langu mkononi unaona kana kwamba umeandikwa kuhusu banda lako. Zingatieni kwamba walioletwa walikuwa wa aina hiyohiyo, kutoka mbali. Hawakuletewa ndege wa aina nyingine.

Nasema hivyo kwa sababu dawa ya haraka inayotolewa kwetu ni kinyume chake. Mfugaji akilalamika kwamba Kuchi wake hawatotoi, hushauriwa kuwaingizia jogoo wa aina za kigeni kama Sasso, Kuroiler, au kuku wa Malawi. Ni kweli kwamba vifaranga watatoka kwa wingi mwaka wa kwanza, na watakuwa na nguvu. Siwapingi kuku hao. Wamewainua wafugaji wengi wa mjini na pembezoni mwa mji, na utafiti uliofanywa nchini kuwapima Sasso na Kuroiler kwa wafugaji wadogo ulikuwa na manufaa yake. Lakini jogoo chotara akigawiwa bure katika kijiji ambacho ni chimbuko la Kuchi, baada ya vizazi vitatu hakuna tena Kuchi wa kuwaokoa, na mfugaji atakuwa na kuku ambaye akikosa pumba na dawa hujikunyata chini ya mwembe. Naomba migao ya majogoo chotara isifanyike katika kata zitakazotambuliwa kuwa na aina adimu, na kwamba kabla ya mgao wowote ofisa aulize kwanza: huku kuna kuku gani?

Swali hilo kwa sasa ni gumu kujibiwa, kwa kuwa takwimu za sensa huwaweka kuku wote wa asili katika fungu moja. Kuchi, Kishingo asiye na manyoya shingoni, Kidimu mwenye manyoya yaliyojikunja, Ching'wekwe na kuku wa Pemba wote wanaitwa kuku wa asili, na kwa kuwa fungu hilo ni kubwa, inaonekana hakuna hatari yoyote. Wingi huo unaficha. Tunaweza kuwa na mamilioni ya kuku wa asili na wakati huohuo tukawa na majogoo wachache mno wa Kuchi wasio ndugu. Mnamo Septemba 2007, huko Interlaken nchini Uswisi, mataifa yalipitisha mpango wa dunia wa kutunza rasilimali za vinasaba vya mifugo, na kazi ya kwanza ndani ya mpango huo ni kuorodhesha na kufuatilia aina zilizopo. Naomba orodha ya kuku wetu ihesabu aina kwa aina, na muhimu zaidi, ihesabu majogoo wanaopanda peke yao. Namba hiyo moja itawaambia mengi kuliko jumla ya vichwa.

Lipo pia suala la mashamba na watu wanaouza mayai na vifaranga vya aina adimu. Bei ni kubwa, mahitaji yamekua, na mayai husafirishwa kwa basi kutoka huku hadi Dar es Salaam na Arusha, yakitikisika kwa saa nyingi. Mnunuzi akipata vifaranga wawili kati ya mayai kumi na mawili huambiwa ni safari, na kwa sehemu ni kweli, kwa kuwa yai lililosafiri linatakiwa kupumzishwa kwa siku nzima ncha butu ikiwa juu kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Hata hivyo, safari haipaswi kuwa kisingizio cha kila kitu. Anayeuza kwa jina la aina adimu atakiwe kumweleza mnunuzi kwa maandishi ana majogoo wangapi wanaopanda, walitoka sehemu zipi, na mayai yake yenyewe, yasiyosafiri, yanaanguliwa kwa kiwango gani. Hakuna mzigo mkubwa katika kuandika mistari mitatu. Na mfugaji anayenunua jozi ya kuanzia awe na haki ya kudai jogoo asiye ndugu wa matetea, kama anavyodai cheti cha chanjo.

Nitaje kwa ufupi kasoro za kurithi zinazojulikana wazi, ambazo maofisa ugani wangeweza kuzifundisha hata kesho. Wapo kuku wa miguu mifupi sana ambao watu wanawapenda kwa sura. Kinasaba kinachofupisha miguu hiyo, kilekile kilicho katika kuku wadogo wa Kijapani waitwao Chabo, huua kiinitete kinachokipata kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo ukiwapandisha wa miguu mifupi kwa miguu mifupi, robo ya viinitete hufa ndani ya ganda hata mashine iwe nzuri kiasi gani. Jogoo wa miguu mifupi apewe matetea wa miguu ya kawaida, na nusu ya vifaranga watakuwa na umbo unalolitaka bila ya kifo hicho. Vivyo hivyo Kidimu kwa Kidimu: robo ya watoto watazaliwa na manyoya mepesi yanayovunjika, wakakosa kujikinga na baridi ya usiku. Haya si mambo ya maabara.

La mwisho ninaloliomba linahitaji fedha, na nimeliacha nyuma kwa makusudi ili lisije likatumika kuahirisha yale yasiyohitaji. Nchi yetu ina kituo cha taifa cha uhimilishaji huko Usa River, Arusha, na tumezoea wazo la mbegu za dume la ng'ombe kuhifadhiwa katika baridi kali kwa miaka mingi. Mbegu za jogoo nazo zinaweza kugandishwa, ingawa ni dhaifu zaidi na zinataka mafunzo maalumu. Yai la kuku haligandishiki likabaki hai, na kwa ndege ni jike ndiye mwenye kromosomu inayoamua jinsia, kwa hiyo mbegu za jogoo peke yake haziwezi kurudisha aina nzima kama ilivyokuwa. Ndiyo maana wanasayansi, wakiwemo walio jirani zetu jijini Nairobi, wamejifunza kuhifadhi seli changa za kiinitete ambazo baadaye huwa mayai au mbegu. Naomba Kuchi na wenzake wawemo katika hifadhi ya namna hiyo wakati bado tuna majogoo wasio ndugu wa kuchukua sampuli kwao, kwa sababu benki itakayojazwa kwa kuku wa ukoo mmoja itahifadhi umaskini uleule.

Naelewa kwamba mezani kwenu kuna homa ya mafua ya ndege, kuna bei ya mahindi na soya, kuna wafugaji wa ng'ombe waliopoteza malisho. Sidai kwamba Kuchi atangulie mbele ya hayo. Naomba tu ofisa mmoja kwa kila wilaya apewe jukumu hili kwa jina, wilaya tatu za kuanzia, na muda wa vizazi viwili vya kuku, ambao kwa Kuchi haufiki miaka mitatu. Katika muda huo itaonekana kwa namba kama nilichosema ni kweli au nimekosea, na nikiwa nimekosea nitaandika tena hadharani kuwaambia wenzangu.

Daftari langu la miaka kumi na miwili, kurasa zote pamoja na zile za miaka niliyoharibu, liko tayari kunakiliwa na mtaalamu yeyote atakayelihitaji. Baba mdogo wa Nzega amekubali kutoa majogoo watatu kwa ajili ya mzunguko wa kwanza, nami natoa wanne, watoto wa jogoo wake kwa matetea wangu, wote wamekwisha kuchanjwa na wamevishwa pete nyekundu mguuni. Watakuwa wamefikisha umri wa kupanda mwishoni mwa masika. Kuanzia hapo tutawafuga kando, bila ya kuwaachia kwa matetea wetu, tukisubiri kuambiwa waende kijiji gani.

Wenu katika kazi ya ufugaji,

Mfugaji wa Kuchi,
Shinyanga